Daktari Anayekaa: Ajira ya Madaktari na Lishe ya Ubongo Katika Mwambao wa Ziwa Victoria

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya lishe na afya ya ubongo, Mwanza

1. Utangulizi



Barua ya mwaliko niliisoma mara mbili nikidhani imepotea njia. Mimi si daktari, wala si mtaalamu wa lishe. Kwa miaka 14 kazi yangu imekuwa kutafuta madaktari, kuwapangia vituo na kuwapokea. Ipo na kazi nyingine, haimo kwenye maelezo ya kazi yangu: kuwasikiliza wanapoondoka. Waandaaji wamenipa dakika 20 nizungumzie rasilimali watu katika huduma za lishe na afya ya ubongo. Kama taratibu za utumishi zinavyotaka, nitamke mapema kwamba maoni yaliyomo humu ni yangu, si msimamo wa mwajiri wangu, na kwamba kituo au halmashauri ninayoitolea mfano wa kasoro sitaitaja. Wenye kujijua watajijua.

2. Maana ya maneno

Hapa sitakaa. Lishe mnaifundisha nyinyi, na bango la makundi ya vyakula limebandikwa kliniki ya mama na mtoto kila niendako. Afya ya ubongo, kwa matumizi ya mada hii, ni uwezo wa mtu kufikiri, kukumbuka, kusema, kutembea na kujitawala, tangu tumboni mwa mama hadi uzeeni. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu mzima, lakini hula asilimia 20 hivi ya nguvu inayotumiwa na mwili ukiwa umetulia. Wa mtoto mchanga ni mlaji zaidi. Siku 1,000 za mwanzo mnazijua. Udumavu wa asilimia 30 kwa watoto wetu walio chini ya miaka mitano, uliopimwa nchini mwaka 2022, umeshasomwa na wazungumzaji wawili walionitangulia asubuhi hii. Ajira ya daktari ni mchakato unaoanzia kwenye ikama hadi kuthibitishwa kazini. Kwenye hiyo "hadi" ndipo mada yangu ilipo.

3. Sahani ya mwambao

Sahani ya mtu wa ziwani si ya maskini kwa kila hali. Dagaa wetu huliwa mzima, na kichwa chake na miba yake, hivyo mlaji hupata protini, chokaa, madini ya chuma na vitamini B12 kwa mkupuo mmoja. Mafuta ya samaki yana ile aina ya omega-3 ambayo ubongo hujijengea kuta zake. Mwaka 1998 watafiti watatu, Broadhurst, Cunnane na Crawford, waliandika kwamba huenda samaki wa maziwa ya Bonde la Ufa ndio waliolisha ubongo wa binadamu wa kale. Crawford huyo aliwahi kufundisha Makerere, ng'ambo ya ziwa hili hili. Hoja yao ina wapinzani, nami si wa kuiamulia. Ninachojua ni kwamba minofu ya sangara imekuwa ikisafirishwa nje tangu miaka ya 1990, sisi tukabaki na mapanki, yaani mifupa yake, na kwamba magunia mengi ya dagaa yanayoshushwa soko la Mwaloni Kirumba huishia kwenye chakula cha kuku. Kuku wetu wana akili sana.

Yapo mapungufu pia. Samaki wa maji baridi hawana madini joto kama wa baharini, kwa hiyo chumvi yenye madini joto bado tunaihitaji. Wakati huo huo chumvi tunaila kupita kiasi, nasi tunajua presha inapokwenda: kwenye kiharusi. Utafiti ulioongozwa na Richard Walker kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta wagonjwa wapya wa kiharusi 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 315.9 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Kwa ulaji na mwendo wa maisha, Nyamagana na Ilemela zinaikaribia Dar es Salaam kuliko Hai. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote. Mama lishe wa kivuko cha Kamanga humimina kiasi hicho kwenye kachumbari.

Liko na suala la mgongo wazi. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo wa mimba, mama akiwa bado anadhani amechelewa tu kuona siku zake. Tangu mwaka 1991, utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ulipoonyesha kwamba asidi ya foliki inayomezwa kabla ya mimba hupunguza tatizo hilo kwa asilimia 72 kwa akina mama waliokwisha kumpata mtoto wa namna hiyo, hakuna tena ubishi. Vidonge vya kliniki vinamfikia mama mfereji umeshafunga au umeshashindwa kufunga. Ndiyo maana kanuni za mwaka 2011 zikataka unga wa ngano na wa mahindi uongezwe virutubishi. Lakini unga wa mwambao husagwa mashineni, debe kwa debe, na wa muhogo hata kanuni hazikuugusa.

Mtaniuliza: haya yote na ajira ya madaktari vina undugu gani? Naomba twende Tarime.

4. Tarime, 1985

Mwaka 1985 ukame uliipiga Wilaya ya Tarime ya wakati ule, kabla Rorya haijamegwa kutoka humo. Watu waliokuwa wazima jana waliamka miguu imekakamaa. Wengi walikuwa watoto, na wanawake wa umri wa kuzaa. Miguu yote miwili hushikwa kwa pamoja, ghafla, wakati mwingine baada ya mwendo mrefu. Hali haiendelei kuwa mbaya, wala haiponi. Mtoto aliyeanza kutembea kwa vidole akiwa na miaka sita atatembea hivyo hadi uzeeni.

Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kongo, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Daktari aitwaye Trolli aliuandika huko mwaka 1938. Chanzo ni muhogo mchungu usiotolewa sumu vizuri, ukiliwa wiki nyingi bila kitoweo. Wenyeji wa mwambao hawahitaji kufundishwa kwamba muhogo mchungu una sumu. Bibi zetu waliumenya, wakauvundika siku kadhaa hadi ukaota ukungu, wakaukwangua, wakauanika ukawa udaga. Njaa ikibisha hodi, siku za kuvundika hupunguzwa. Sianidi inabaki kwenye unga. Mwili unao ufundi wa kuipoza sumu hiyo, lakini unahitaji protini yenye salfa, ambayo hupatikana kwenye samaki, nyama na mayai. Mwenye dagaa kwenye sahani amebeba dawa bila kujua. Asiye na dagaa, mwaka wa ukame, anakula ugali mtupu asubuhi na jioni. Na ile sumu iliyopozwa nayo ina ubaya wake: huzuia tezi ya shingo isipokee madini joto. Kwa hiyo mla udaga anahitaji chumvi ya madini joto kuliko mla wali.

Kisa hicho kilichapishwa mwaka 1990 katika jarida la kitaalamu la ubongo. Walioandika ni wanne. William Howlett, daktari wa mishipa ya fahamu aliyefanya kazi hospitali ya KCMC, Moshi. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe. Hans Rosling, Mswidi aliyekuwa ameshaukuta ugonjwa wa namna hiyo Msumbiji mwaka 1981. Wa nne ni Glen Brubaker, wa hospitali ya Wamennonite ya Shirati, ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa akifuatilia uvimbe wa taya wa watoto wa Mara Kaskazini.

Watatu wa mwanzo unaweza kuwaalika kwa barua, wakaja, wakapima, wakaondoka. Huyo wa Shirati hapatikani kwa barua. Lazima awe ameshakaa. Daktari aliyekaa anajua mwaka huu umetofautiana na mwaka jana. Anajua mtoto huyu alikuwa akikimbia uwanjani mwezi uliopita. Anajua kijiji gani kinakula nini mvua zikikosekana. Ujuzi huo haumo kwenye shahada.

Sasa tujiulize kwa unyenyekevu. Konzo ikitokea leo kwenye kisiwa kimojawapo, nani ataiona? Mfumo wetu wa ufuatiliaji wa polio ni mzuri, lakini unatafuta miguu iliyolegea ghafla. Ya konzo hukakamaa. Daktari aliyeripoti miezi miwili iliyopita ataandika rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando. Mama atatafuta nauli, ataikosa, atabaki nyumbani na mtoto wake, na jirani atasema amerogwa. Wa pili na wa tatu watatokea zamu ya daktari mwingine. Hakuna atakayewajumlisha.

5. Kuripoti na kukaa

Nimekuja na daftari. Ni kaunta buku ya kwaya mbili, jalada limeliwa na maji upande mmoja. Limetoka kituo cha afya kisiwani, na nimeazimwa na tabibu anayekaimu. Lina miandiko minne ya madaktari wanne, ndani ya miaka mitano.

Mwandiko wa kwanza ni wa kalamu ya bluu, wa haraka lakini unasomeka. Daktari huyo alikuwa binti wa mwaka wa kwanza kazini. Ukurasa wa 3 ameorodhesha wagonjwa wa presha, na mbele ya kila mmoja ameandika anachokula: dagaa wa kuchoma, dagaa wa kukaanga, dagaa wa chumvi, mmoja ameandikiwa "supu ya mapanki na maggi mbili". Ukurasa wa 8: mama aliyezaa mtoto wa mgongo wazi, anataka mimba nyingine, aanzishiwe foliki sasa, asisubiri. Ukurasa wa 11 amechora jedwali la nyumba ambako udaga huvundikwa siku tatu na ambako huvundikwa siku moja. Hakutumwa na mtu. Ukurasa wa 19 unaishia katikati ya orodha.

Mwandiko wa pili unaanza upya: "Wagonjwa wa presha, 1." Bila neno juu ya chakula. Wa tatu ameandika namba ya simu ya nahodha wa kivuko, na ratiba. Wa nne ni zamu za wauguzi.

Yule wa kwanza alikaa miezi 11. Nilimtafuta, kwa sababu mimi ndiye niliyemsainia barua ya kupangiwa kituo. Alinieleza kwa utulivu, kama anayesoma historia ya mgonjwa. Alishuka gatini na godoro, mtungi wa gesi na begi moja. Hakuna aliyekuja kumpokea. Taarifa ya kuja kwake ilikuwa bado imelala kwenye jalada la mtu makao makuu. Nyumba ya daktari ilikuwa imejaa maboksi ya vyandarua. Alilala wodi ya wazazi siku tisa. Cheki namba ilichelewa, mshahara wa kwanza ukaja mwezi wa nne. Posho ya kujikimu aliifuata makao makuu mara tatu, kila safari vivuko viwili na usiku mmoja wa gesti, na mara ya tatu akaambiwa kifungu kimeisha. Mama mmoja wa mwaloni alikuwa akimpa ugali na samaki kwa kuandika kwenye kibao.

"Kaka, mimi kisiwa sikukikimbia," aliniambia. "Kisiwa kilinilisha kwa mkopo miezi mitatu. Nilimkimbia mhasibu."

Aliomba uhamisho, akakataliwa, akaacha kazi. Kwenye taarifa yangu ya mwaka huo yumo katika safu ya walioripoti, na taarifa hiyo ilisifiwa.

Ndugu Mwenyekiti, hapa naomba univumilie, maana jambo hili nimelipigania tangu mwaka wangu wa tatu kazini. Fomu zetu zina safu ya walioombwa, waliopangiwa na walioripoti. Hazina safu ya waliopo baada ya mwaka. Kisichokuwa na safu hakina mwenyewe. Nimeandika dokezo mara nne. La kwanza lilijibiwa kwamba limepokelewa. La pili, kwamba linafanyiwa kazi. La tatu, kwamba mfumo hauna nafasi hiyo. La nne lilirudishwa nirekebishe kichwa cha habari. Nasema hivi kwa heshima zote na kwa kuelewa ufinyu wa bajeti.

Wengi hudhani tatizo letu ni kwamba nchi haina madaktari. Kumbukeni mwaka 2017. Kenya iliomba madaktari 500 wa Kitanzania, wetu wakajitokeza kuomba, mahakama ya kule ikazuia, na mwezi Aprili Rais Magufuli akaamuru waombaji 258 waajiriwe hapa nyumbani mara moja. Watu 258 waliosomeshwa na kuiva walikuwa mitaani, huku ikama za wilaya zetu zikiwa na mashimo. Sikulaumu uamuzi ule. Nilipigiwa simu nikafurahi. Ila uliniachia somo. Kupatikana kwa daktari hutegemea kibali na fungu la mishahara, na hayo yako juu ya uwezo wetu tuliomo humu ukumbini. Kubaki kwa daktari hutegemea ufunguo wa nyumba, posho iliyolipwa kwa wakati, na mtu wa kumpokea gatini. Haya yako kwenye uwezo wetu kabisa, na ndiyo tunayoshindwa.

Nisiwaonee wenzangu. Zipo sababu nyingine za kuondoka, na nyingi ni za haki. Mwenza anafanya kazi Dodoma. Mtoto amefika umri wa shule. Daktari anataka kwenda kusomea ubingwa, na nani atamlaumu, wakati madaktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu nchini ni wachache mno? Kuna na hofu ya maji. Tangu kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200, nimeshapokea simu za wazazi wa madaktari wakiniuliza kama mtoto wao atavuka kila wiki. Huwa sina jibu la haraka. Daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewaondolea watu wa Sengerema na Buchosa foleni ya kivuko. Kwa Ukerewe na visiwa vidogo hali ni ile ile.

Lakini katika wote niliokaa nao kwenye benchi la nje ya ofisi, barua ya kuacha kazi mkononi, aliyevunjwa moyo na kijiji ni nadra. Huvunjwa moyo katika siku 90 za mwanzo, na anayemvunja ni sisi. Siku hizo ndizo daktari anazoamua kama anakaa au anapita. Akiamua kwamba anapita, hawezi kujifunza watu wanakula nini. Atatibu malaria, atapasua panapobidi, kwa uaminifu kabisa, na ataondoka bila kujua udaga huvundikwa siku ngapi.

Waliofanya vizuri wapo. Taasisi ya Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilipeleka wataalamu wa afya kwenye wilaya za pembezoni, na baadaye ikajenga na nyumba za watumishi. Ilielewa kwamba daktari huja na godoro. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 kuhusu kuwabakiza watumishi vijijini unasema jambo ambalo mkulima wa Kwimba angewaambia bure: aliyezaliwa kijijini huelekea zaidi kurudi na kukaa kijijini. Chuo kikuu cha afya tunacho hapa Bugando tangu mwaka 2003. Ni watoto wangapi wa Ukara na Kome wamepita mlango ule? Hilo linaanzia kwenye maabara ya fizikia ya sekondari ya kata, na leo si siku yake.

Kabla ya mapendekezo, neno moja juu ya ubongo wa daktari mwenyewe. Daktari wa zamu ya usiku mjini hula chipsi mayai saa tano, soda ya kumwamsha saa nane, na asubuhi humshauri mgonjwa apunguze chumvi. Wa kisiwani hula akikopeshwa. Tukizungumza lishe ya ubongo, tuanze na ubongo wa anayeandika dawa. Nimeona na chai yetu ya saa nne hapa: soseji, chapati, soda. Dirishani ziwa linaonekana.

6. Mapendekezo

Nimeombwa niweke mapendekezo yanayotekelezeka. Baadhi nimeshayagusa, nayarudia kwa makusudi.

Kwanza, fomu ya taarifa ya ajira iongezwe safu mbili: waliopo baada ya siku 90, na waliopo baada ya mwaka. Kama mfumo hauna nafasi, karatasi inayo.

Pili, posho ya kujikimu ilipwe siku ya kuripoti, mezani, kabla daktari hajapanda kivuko. Kifungu chake kitengwe kwa idadi ya walioombwa, kisiguswe kwa semina. Nasema hivi nikijua semina hii nayo ina kifungu chake.

Tatu, kila halmashauri ya mwambao itamke kwa maandishi jina la mtu mmoja wa kumpokea daktari gatini. Isiandikwe ofisi. Liandikwe jina na namba ya simu.

Nne, nyumba ya daktari isiwe stoo. Mganga mkuu wa halmashauri athibitishe kwa kuiona, si kwa kuuliza.

Tano, wiki ya kwanza ya daktari mpya isiwe ya kutibu tu. Azungushwe na afisa lishe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii: mwaloni, mashineni, sokoni, na nyumba tatu zinazovundika muhogo. Ale huko. Siku mbili zinatosha, na gharama yake ni mafuta ya pikipiki.

Sita, maofisa lishe wafundishe njia ya kulowanisha unga wa muhogo, iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia na kutumika Mtwara: unga unachanganywa na maji, unatandazwa kwa unene usiozidi sentimeta 1, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu inapaa, kisha unapikwa siku hiyo hiyo. Haichukui nafasi ya kuvundika. Inasaidia pale kuvundika kulipofupishwa. Lifanyike kabla ya kiangazi kirefu, si baada ya taarifa ya njaa kusainiwa.

Saba, kituo chochote kitakachopata wagonjwa wawili wa miguu iliyokakamaa ghafla ndani ya mwezi mmoja kipige simu mkoani siku hiyo hiyo, hata kama daktari ana wiki moja kazini.

Nane, foliki itolewe kwa mwanamke kabla ya mimba, na aliyewahi kupata mtoto wa mgongo wazi au kichwa kikubwa aandikwe kwenye orodha maalumu ya kituo. Orodha ibaki na kituo, isiondoke na daktari.

Tisa, ujumbe wa chumvi uwe mmoja: kidogo, na yenye madini joto. Sasa hivi idara mbili zinampa mama maneno mawili yanayogongana.

Kumi, daktari aliyekaa kisiwani miaka mitatu apewe kipaumbele cha kwenda kusomea ubingwa, na ahadi hiyo aipate kwa barua siku anayoripoti. Nimeshawaona wengi waliokaa kwa kuahidiwa kwa mdomo, na wengine wakapitwa na wenzao waliobaki mjini.

Kumi na moja, safu mbili nilizotaja kwenye pendekezo la kwanza. Nalirudia kwa sababu ndilo lisilohitaji fedha.

Kumi na mbili, kila kituo cha afya cha mwambao kiwe na daftari la makabidhiano, lenye kurasa za lazima juu ya chakula cha eneo: msimu upi una dagaa, nani anakula udaga, mvua zikikosa watu hugeukia nini. Daktari asipewe barua ya kuondoka kabla hajaandika ukurasa wake wa mwisho. Hata anayeondoka kwa hasira aandike, na hasira yake pia, itamsaidia anayefuata.

Daftari lenyewe nimeliweka pale mbele, karibu na chupa za maji. Kurasa zenye majina ya wagonjwa nimezifunga kwa stepla, naomba zisifunguliwe. Ukurasa wa 11, wa jedwali la udaga, uko wazi. Anayetaka kulisoma alisome wakati wa chakula cha mchana, lakini alirudishe. Jumatatu linapanda kivuko na daktari wa tano.